Mashine ya kusafisha mahindi: punje nzima zinatoka na takataka, makapi yanabaki kwenye gunia

Chekeche_Laela

Wakuu habari za kazi. Naomba msaada kwa wenye uzoefu na mashine za kusafishia nafaka.

Mashine ni ya AMCOS (chama cha ushirika wa wakulima), ina machekeche mawili na feni moja, kibao chake kinasema tani 2 kwa saa. Chekeche la juu lina matundu ya duara ya mm 14, la chini mm 6. Ilikuwa inaendeshwa kwa injini ya dizeli ya mizunguko 2200 kwa dakika. Umeme wa fezi tatu ulipofika ghalani ikafungwa mota ya mizunguko 1440, na puli ileile ya mm 100 ikahamishiwa kwenye mota. Puli ya feni ni mm 200. Shafti ya feni ina puli nyingine ya mm 75 inayozungusha ya mm 225 kwenye mtikiso wa machekeche.

Tangu hapo makapi yanabaki kwenye mahindi safi hata shata ya upepo (kibati cha kufungua na kufunga njia ya upepo) ikiwa wazi yote. Halafu mdomo wa takataka ndogo unatoa punje nzima nyingi, na hilo lilikuwepo hata enzi za dizeli. Mnunuzi anakataa mzigo. Tuanzie wapi?

---

FundiMikanda

Mkuu, umefanya vizuri kuweka vipimo vya puli, jibu limo humohumo.

Kwa injini, feni ilikuwa inapata 2200 × 100 ÷ 200, yaani mizunguko 1100. Kwa mota ya 1440 na puli ileile imeshuka hadi 720. Wingi wa upepo unashuka sawasawa na mwendo, lakini msukumo wake unashuka kwa mraba, kwa hiyo umebaki na kama asilimia 43 ya msukumo wa zamani. Shata haiwezi kuongeza upepo ambao feni haiutoi.

Machekeche nayo yameanguka, kutoka mitikiso kama 367 kwa dakika hadi 240. Kwa mwendo huo punje hazirukiruki, zinateleza zikiwa zimelaliana. Vipande na vumbi vinabebwa juu ya tabaka nene la mahindi hadi mwisho wa chekeche bila kukutana na tundu hata moja.

Funga puli ya mm 150 kwenye mota. Feni itapata 1080 na machekeche 360, karibu kabisa na zamani. Puli ikikua kwa mm 50, mkanda unahitaji urefu zaidi wa kama mm 80, au sogeza mota karibu na feni kwa kama mm 40 kama reli zake zinaruhusu. Hakikisha puli zote mbili ziko kwenye mstari mmoja kwa kunyoosha uzi kwenye nyuso zake. Mkanda unaokwenda upande unakula kingo zake na kuunguza beringi.

Usishawishike kufunga puli ya mm 200 ili upepo uwe mwingi. Umeme ambao feni inaudai unapanda kwa kipeo cha tatu cha mwendo. Kutoka mizunguko 1080 kwenda 1440 ni zaidi ya mara mbili ya mzigo, na machekeche yatafika 480, ambapo vyuma vinavyoyaning'iniza huanza kupasuka kwenye maungio. Ukishafunga ile ya 150, pima ampea kwa mita ya kubana mashine ikiwa na mzigo, ulinganishe na kibao cha mota. Ikizidi, mota ni ndogo.

Kuna jambo jingine ambalo huwa halionekani: mwelekeo wa feni. Feni ya mapanga yaliyofungiwa ndani ya nyumba ya bati ikizunguka kinyume bado inasukuma upepo upande uleule, ila dhaifu. Mtikiso hauonyeshi tofauti yoyote, kwa hiyo mtu anaona kila kitu kinazunguka na kuridhika. Zima mashine, chungulia feni inapokaribia kusimama. Kama hakuna mshale kwenye bati, mapanga yanatakiwa yaende kule nyumba inakopanuka kuelekea mdomo wa kutolea upepo. Ikiwa kinyume, fundi umeme azime swichi kuu abadilishane nyaya mbili zozote kati ya zile tatu za fezi.

Na kinga ya mkanda irudishwe baada ya kazi. Kwenye ghala lenye akina mama wenye kanga na vitenge hilo halina mjadala.

---

NafakaSafi_Mbozi

Naongezea kwenye machekeche, maana hapo mnapoteza hela ya wakulima kila saa.

Chekeche la chini la mm 6 ni kubwa mno kwa mahindi yenu. Punje za nchani mwa gunzi ni ndogo na nyembamba, zinapita hapo zikiwa nzima na nzuri. Kiwango cha mahindi cha Afrika Mashariki, EAS 2, kinahesabu punje iliyovunjika kuwa kipande kinachopita kwenye tundu la duara la mm 4.5. Basi weka 4.5, au 5 kama mzigo una vipande vingi na unalenga daraja la juu. La juu la mm 14 liacheni, linatosha kuzuia magunzi na mabua.

Kwa kiwango hichohicho, daraja la kwanza linaruhusu takataka hadi asilimia 0.5 na punje zilizovunjika hadi 2. Daraja la pili ni 1 na 4. Unyevu usizidi 13.5 kwa madaraja yote. Mahindi ya unyevu wa 17 au 18 hayasafishiki vizuri kwenye mashine yoyote: maganda yanashikana na punje, vumbi linageuka utando kwenye matundu. Anika kwanza, safisha baadaye.

Mkishabadilisha, pangeni mashine kwa mpangilio huu, na msiguse vitu viwili kwa wakati mmoja.

Kwanza mlisho. Tani 2 kwa saa ni kama kilo 33 kwa dakika. Kinga mahindi kwa dakika moja kamili, pima kwa mizani, rekebisha lango la hopa (sanduku la kumwagia mahindi juu ya mashine). Halafu tazama tabaka linavyoshuka: linatakiwa lienee upana wote wa chekeche. Likirundikana katikati, upepo unakimbilia pembeni kusiko na mahindi na pale katikati haufanyi kitu. Watu wengi wanalaumu feni kumbe kosa ni bati la kusambazia lililopinda chini ya hopa.

Pili upepo. Anza shata ikiwa imefungwa, ifungue taratibu hadi uone punje nzito na nzuri zinaanza kutoka na makapi, kisha irudishe kidogo hadi zikome. Makapi yanaelea kwenye upepo wa mita 2 hadi 4 kwa sekunde, punje ya mahindi inahitaji 10 na zaidi, kwa hiyo nafasi ya kuchezea ni kubwa. Punje iliyoliwa na dumuzi iko katikati, ndiyo unayoitafuta kwenye mdomo wa makapi.

Tatu hesabu ya hasara. Wekeni ndoo kwenye midomo yote kwa dakika moja, wakati mmoja. Chambua kwa mkono kilichotoka kwenye kila mdomo wa takataka, pima punje nzuri. Nusu kilo kwa dakika inaonekana ndogo, lakini kwa saa nane ni kilo 240, gunia mbili na zaidi zimekwenda jalalani. Opereta mzuri anakagua mdomo wa takataka mara nyingi kuliko ule wa mahindi safi.

Angalieni pia mipira ya kusafishia matundu chini ya chekeche. Ikilika haifiki juu, matundu yanaziba, na chekeche lililoziba nusu linafanya kazi ya nusu mashine. Punje iliyonasa itolewe kwa kugonga kwa upande wa chini kwa kipande cha mti. Ukitumia msumari unapanua tundu, na likishapanuka halirudi.

---

Chekeche_Laela

Asanteni sana. Feni kweli ilikuwa inakwenda kinyume, imegeuzwa, na puli ya 150 imefungwa. Makapi sasa yanatoka, shata tumeishia nusu. Chekeche la 4.5 limeagizwa.

Limebaki moja: mawe madogo ya ukubwa wa punje, na kwenye maharage madongo ya udongo. Tukiongeza upepo hayatoki. Kuna chekeche la kuyakamata?

---

DistonaNaMizani

Hakuna, mkuu. Chekeche linatenganisha kwa ukubwa, na jiwe hilo ni la ukubwa wa punje. Upepo wa mashine yenu unatoa vilivyo vyepesi kuliko nafaka, na jiwe ni zito kuliko nafaka, kwa hiyo linaanguka pamoja na mahindi safi. Inatakiwa mashine ya kutoa mawe, mafundi wanaiita distona, nayo inakaa baada ya chekeche, haikai badala yake.

Ina kitanda cha wavu kilichoinama, chini yake feni, na mtikiso unaosukuma kuelekea juu. Upepo unainua nafaka kidogo ili isiguse wavu, inaelea na kuteleza kwenda chini. Jiwe lina uzito karibu mara mbili ya punje ya ujazo uleule, upepo hauliinui, linashika wavu na mtikiso unalipandisha hadi mdomo wa juu.

Kuipanga ni kucheza na mwinamo na upepo. Nafaka ikitoka pamoja na mawe, upepo ni mdogo au kitanda kimelala mno. Mawe yakishuka na nafaka, upepo umezidi hadi unayainua, au kitanda kimesimama mno. Upepo ukitoka kwa mabaka, wavu umeziba vumbi. Usafishe kwa brashi kutoka chini. Kitanda lazima kifunikwe chote na nafaka. Pakiwa na sehemu tupu, upepo wote unatorokea hapo na mawe yanabaki yamesimama. Kwa sababu hiyo kinachopita dakika za mwanzo, kabla kitanda hakijajaa, kirudishwe hopani, na wakati wa kufunga kazi simamisha mlisho na mashine kwa pamoja, tabaka libaki juu ya wavu tayari kwa kesho.

Madongo ni magumu zaidi, maana udongo mkavu hauachani sana na haragwe kwa uzito. Distona itatoa mengi, si yote. Mlisho upunguzwe hadi nusu hivi na mwinamo ubadilishwe kidogokidogo. Tiba yake halisi iko shambani: maharage yapurwe juu ya turubai, wala si kwenye ardhi tupu. Dongo ambalo halikuingia kwenye gunia halihitaji mashine. Na ukiendesha maharage, shusha maporomoko: kila yanapodondokea bati kutoka juu, makavu yanapasuka vipande viwili. Bandika mpira wa mkanda wa zamani pale yanapoangukia.

---

Ghala_Salama

Naomba niseme juu ya hizo ndoo za takataka, maana hakuna aliyezigusa na mimi naona ndilo jambo zito kuliko daraja la mnunuzi.

Punje zilizovunjika, zilizotobolewa na nyepesi ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya sumukuvu, yaani sumu ya ukungu (aflatoksini). Mkizitoa, mahindi yanayobaki yanakuwa salama zaidi, japo hayajathibitishwa kuwa salama hadi yapimwe: kikomo ni mikrogramu 10 kwa kilo kwa sumukuvu zote kwa pamoja, na 5 kwa ile ya B1. Lakini sumu haijapotea. Imehamia kwenye ndoo ya takataka, ikiwa imekolea.

Takataka hizo ndizo zinazouzwa rahisi kwa wafugaji, au zinasagwa na familia isiyo na kitu. Kuku na bata zinawadhuru moja kwa moja, na ng'ombe wa maziwa anaitoa kwenye maziwa. Mwaka 2016 watu walikufa kwa sumukuvu Dodoma na Manyara. Kupika ugali hakuiondoi.

Kwa hiyo tenganisheni midomo. Magunzi ya chekeche la juu ni kuni. Vipande vya chekeche la chini na punje nyepesi za feni zifungwe kwenye magunia yenye alama, zipimwe kabla ya kumpa mnyama yeyote. Mkikosa kipimo, au mkiona ukungu wa kijani au njano, zifukiwe shimoni mbali na kisima. Vumbi la feni lielekezwe nje, upande ambao upepo wa mahali hapo haulirudishi, na anayelisha hopa avae barakoa ya kuzuia vumbi, kwa sababu anachovuta ni unga wa punje hizohizo.

---

Chekeche_Laela

Nimelipata, Ghala_Salama. Hadi sasa takataka za mdomo wa chini zilikuwa zinachukuliwa na wenye kuku. Zimezuiwa kuanzia leo hadi tupime. Je, sampuli ichukuliweje ili majibu yawe ya kweli?

---

Ghala_Salama

Usichote sehemu moja. Sumukuvu haienei sawasawa, punje chache zinaweza kubeba sumu ya gunia zima. Choma bambo (mrija wenye ncha wa kuchotea sampuli) kwenye kila gunia juu, katikati na chini, changanya yote kwenye turubai safi, gawanya kwa robo mara kadhaa hadi ubaki na kama kilo 5, saga zote, ndipo utoe ya kupima kwenye unga uliochanganyika. Tumia mfuko wa karatasi au wa kitambaa. Plastiki ikifungwa na unyevu kidogo ndani, ukungu unaendelea kukua njiani na majibu yatasoma juu kuliko hali halisi ya ghala.