Mpango mmoja wa biashara, wasomaji watatu: nibadilishe nini, nisiguse nini?

Randa_na_Msumeno
Wakuu, habari zenu. Nina mpango wa biashara wa kurasa 38 wa kupanua karakana ya samani: mashine mbili, mafundi wa kuongeza na mbao za kuanzia. Unatakiwa kwenda benki kwa ajili ya mkopo, kwa mwekezaji anayetaka hisa, na kwenye mfuko wa ruzuku unaolenga ajira za vijana. Je, niandike mipango mitatu? Na ni sawa makadirio ya mauzo ya mwekezaji yakiwa makubwa kuliko ya benki? Naomba maelekezo ya vitendo.

Mizania
Mkuu, andiko mama liwe moja na faili la hesabu liwe moja, kisha ukate matoleo kutoka humo. Ukiwa na mafaili matatu ya Excel yanayojitegemea, bei ya mbao ikipanda utarekebisha mawili na la tatu litasahaulika. Namba zikipishana, hata zile sahihi hazitaaminika tena. Misingi yote ya makadirio ikae kwenye ukurasa mmoja wa faili: oda kwa mwezi, bei ya wastani, gharama ya mbao kwa kila kipande, na siku ambazo wateja huchukua kulipa. Kurasa nyingine zote zivute kutoka hapo.

Visivyoguswa ni mauzo yaliyopita, madeni, umiliki, na jedwali la vyanzo na matumizi ya fedha. Hilo la mwisho ndilo linalowaumbua wengi: mashine imeombewa mkopo, halafu mashine hiyohiyo imeorodheshwa kwenye bajeti ya ruzuku. Kila kitu kiwe na mlipaji mmoja, au mgawanyo ulioandikwa wazi, na wasomaji wote watatu waone jedwali lilelile. Ruzuku ambayo haijathibitishwa iandikwe "inaombwa", isihesabiwe kama fedha zilizopo.

Kinachobadilika ni muhtasari, mpangilio na kina. Muhtasari uandike upya kila mara, ukurasa 1 au 2, na aya ya kwanza ijibu swali la huyo anayesoma. Benki inauliza utalipaje. Mwekezaji anauliza biashara itakua kufikia wapi na yeye atatokaje na fedha zake. Mfadhili anauliza nani atanufaika na itathibitika vipi.

Dawati_la_Mikopo
Mizania kasema vyema. Nijikite kwenye benki, maana huko ndiko hesabu huvurugika zaidi. Afisa mikopo hukimbilia mtiririko wa fedha kabla ya kurasa za soko. Uwe wa mwezi kwa mwezi kwa miezi 12 ya kwanza angalau, kisha wa mwaka kwa mwaka hadi mkopo uishe.

Faida na fedha taslimu ni vitu viwili. Chukulia umekabidhi meza Januari na mteja analipa baada ya siku 60. Kwenye hesabu ya faida mauzo ni ya Januari, lakini fedha zinaingia Machi, na mbao na mishahara ulishalipa Januari hiyohiyo. Rejesho la kwanza likiangukia Februari, huenda salio likasoma hasi. Usilifunike. Omba marejesho ya mkopo wenyewe (si riba) yaanze mwezi wa 4 tangu uupokee, au ongeza mtaji wa kuendeshea kwenye kiasi unachoomba, na uandike sababu palepale chini ya jedwali.

Kisha piga uwiano wa kumudu deni: fedha zinazobaki kwa mwaka baada ya gharama za uendeshaji na kodi, gawanya kwa marejesho yote ya mwaka, riba ikiwemo. Zikibaki 30 na marejesho ni 24, unapata 1.25. Wakopeshaji wengi wanataka 1.2 au 1.25 kwenda juu. Chini ya 1 maana yake mapato ya biashara hayatoshi kulipa deni. Uwiano huu huharibiwa kwa namna mbili: mkopo wenyewe kuhesabiwa kama mapato, na marejesho ya madeni ya zamani kuachwa nje.

Dhamana iwe na jedwali lake: namba ya hati, thamani, tarehe ya uthamini, na kama imeshikiliwa na deni jingine. Dira ya kampuni, aya moja inatosha.

Hisa_na_Gawio
Aya moja kwa benki sawa, ila kwa mwekezaji usiikate hivyo, kwa sababu ukuaji ndio anaonunua.

Kuhusu makadirio mawili: usifanye hivyo kama kila msomaji anaona yake tu. Tengeneza hali tatu ndani ya faili moja, yaani ya tahadhari, ya kati na ya matumaini, zikitofautiana kwa vitu vichache tu: oda, bei na siku za malipo. Benki ianze na ya tahadhari, mwekezaji aanze na ya kati, na wote wapewe zote tatu. Mkopo ukilipika hata kwenye hali ya tahadhari, umejenga hoja nzito.

Mauzo yapime dhidi ya uwezo wa mashine. Ukiandika vipande 900 kwa mwezi ilhali mashine mbili kwa zamu moja zinatoa 600, mwekezaji makini ataliona hilo haraka. Ongeza zamu, na mishahara yake iingie kwenye hesabu.

Kwenye hisa, kampuni ikiwa na thamani ya 80 kabla ya mwekezaji kuingia, naye akaweka 20, inakuwa 100 na yeye anapata asilimia 20, si 25. Weka jedwali la umiliki kabla na baada. Kwa karakana, njia ya kutoka inayoaminika ni gawio au wamiliki kununua tena hisa zake. Soko la hisa liache.

Randa_na_Msumeno
Nashukuru sana wakuu. Na ruzuku je? Na majina ya wateja niyaache?

Mizania
Kwenye ruzuku fuata vichwa vya tangazo lao kwa mpangilio wao. Wakisema kurasa 10, ya 11 inaweza isisomwe, au ombi zima likaenguliwa. "Ajira 12" haitoshi: sema ni za kudumu au za muda, zinaanza mwezi gani, na ushahidi utakuwa nini, kwa mfano mikataba na orodha ya malipo ya mishahara. Watu hao 12 waonekane pia kwenye mishahara ya toleo la benki. Onyesha nani atawalipa mwezi unaofuata baada ya ruzuku kuisha. Usiweke deni la zamani kwenye bajeti, mifuko mingi hairuhusu.

Majina: kwa mwekezaji wa mazungumzo ya awali andika "Mteja A, asilimia 35 ya mauzo". Wengi wao hawasaini mkataba wa usiri mapema, kwa hiyo bei za msambazaji wako zisiwemo kabisa. Benki inahitaji mikataba halisi, iambatishe.

Kabla ya kutuma, futa maoni ya pembeni na masahihisho yaliyofuatiliwa (Track Changes) kwenye Word, kagua kurasa zilizofichwa kwenye Excel, kisha andiko liende kwa PDF. Kwenye kila ukurasa weka tarehe na namba ya toleo, na utunze orodha ya nani kapewa toleo lipi. Namba ikibadilika baada ya hapo, watumie wote watatu marekebisho siku moja.