Ami hataki tuendelee kusoma Peponi barazani. Nifanye nini?

BintiWete:
Assalamu alaykum ndugu zangu. Naishi Wete, Pemba. Baada ya alasiri mimi na wadogo zangu, pamoja na watoto wa ami na wa shangazi, hukaa barazani. Mmoja anasoma kwa sauti, wengine tunasikiliza. Sasa tuko kwenye Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotiwa Kiswahili na Ida Hadjivayanis.

Kwa ambao hawajaisoma: ni zama za Mjerumani, na Yusuf ana miaka 12. Baba yake ana hoteli ndogo bara, ana deni kwa tajiri Aziz, na deni halilipiki. Siku moja mtoto anaambiwa atasafiri na tajiri, basi. Haambiwi kuwa ametolewa rehani. Anamwita tajiri ami mpaka Khalil, kijana mwenzake wa dukani kwa Aziz, anamkatisha: huyo si ami yako.

Tulipofika hapo ami yangu alikuwa amekaa anasikiliza. Akanyanyuka, akasema kitabu hiki kinawafunza watoto kwamba wazee wao ni wauzaji, tukiache. Ndiye aliyenisomesha tangu baba alipofariki, siwezi kumkaidi. Lakini nikikifunga nitawaambia nini hawa wadogo, wanaoniuliza kila siku Yusuf kafika wapi?

Jengine, binamu yangu kashakimaliza peke yake na kakasirika kwelikweli. Mwishoni Yusuf analikimbilia jeshi la Mjerumani, askari wale wale waliokuja kukamata watu mjini. Anauliza, huo ndio uhuru? Sikuwa na jibu.

Naomba mnisaidie kwa yote mawili. Na tukimaliza, tusome nini ambacho mwenye kubebeshwa mzigo wa ukoo ni mwanamke?

Mwalimu Mstaafu, Chake:
Waalaykum salaam mwanangu. Usimjibu ami yako kwa hoja. Mwombe arudi barazani, umuulize habari za karafuu na madeni. Wazee wa Pemba rehani wanaijua. Mwenye shamba akikopa kungojea msimu, kisha bei ikaanguka au mikarafuu isizae, shamba linakwenda. Ilifika hadi mwaka 1934 serikali ya Muingereza ikapitisha sheria ya kuzuia mashamba ya Waarabu na Waafrika yasiende ovyo kwa wakopeshaji. Chama cha wakulima wa karafuu kilikuwepo tangu 1927, na 1937 kikapewa mamlaka makubwa juu ya biashara yenyewe. Wafanyabiashara wa Kihindi wakagoma kununua, mgogoro ukaja kutulia 1938.

Kwa hiyo baba yake Yusuf watoto wamsome kama mtu aliyebanwa. Deni lile halikuanzia mkononi mwake peke yake.

Mtu wa Mkoani:
Mwalimu nakuheshimu sana, lakini hapa sikubaliani nawe. Kubanwa kabanwa, ila alikuwa na kinywa. Kinachouma katika kisa kile ni kimya zaidi kuliko deni. Wakubwa wote wanajua, asiyejua ni mwenyewe anayepelekwa. Mjerumani hakumziba baba mdomo. Na mtindo wa kutoa mtoto rehani haukuletwa na Mjerumani, tusimtupie yeye kila kitu.

Dada, ami yako kasikia jambo la kweli, ndiyo maana limemchoma. Ila usimuulize habari za madeni mbele ya watoto. Huenda yapo ya nyumbani kwenu ambayo hujayajua.

NgamboYetu:
Mimi nataka kumjibu binamu. Kabla hajamhukumu Yusuf arudi kwa Mzee Hamdani, mtunza bustani wa Aziz. Yule alipewa uhuru wake na bibi wa nyumba akaukataa, kwa sababu bibi hakuwa na mamlaka ya kumpa mtu kitu ambacho ni chake tangu mwanzo. Nilipofika hapo nilifunga kitabu nikakaa kimya muda mrefu.

Mkisoma sehemu hiyo, wasimulieni watoto yaliyotokea hapa kwetu. Amri ya 1897 ya Zanzibar ilisema utumwa hautambuliwi tena kisheria, lakini mtumwa alitakiwa aende mwenyewe kuomba uhuru, na aonyeshe kuwa ana pa kukaa na njia ya kupata riziki. Masuria waliachwa nje ya amri hiyo mpaka 1909. Bara, Mjerumani alitangaza tu kwamba watakaozaliwa baada ya 1905 watakuwa huru. Utumwa ulikuja kufutwa 1922, Muingereza alipokuwa ameshaingia. Uhuru ulikuwa unagawiwa vipande vipande, na wenye kugawa ni wale wale waliokuwa juu.

Sasa mtazame Khalil, naye katolewa rehani kwa deni la baba yake, pamoja na Amina, ndugu yake wa kulelewa. Aziz alipomuoa Amina, deni lilihesabiwa limekwisha, na Khalil angeweza kuondoka. Haondoki, kwa sababu Amina yumo ndani. Mzee Hamdani naye yuko bustanini mwake. Yusuf ana mifano hiyo miwili mbele ya macho, halafu barabarani wanapita askari. Mimi sisemi kachagua vizuri. Nasema muulizeni binamu, angemwambia aende wapi?

Mkaazi wa Malindi:
Kuhusu cha kusoma baadaye: Vuta N'kuvute ya Adam Shafi. Yasmin ni msichana wa Kihindi aliyeozwa Bwana Raza, mtu aliyemzidi umri mbali sana. Anatoroka, jamaa zake mwenyewe wanamkataa, anayempokea ni Mwajuma wa Ng'ambo, mitaa ya watu wa kawaida mjini Unguja. Huyo Mwajuma mtampenda, hana kitu na anampa mwenziwe nusu ya hicho asicho nacho. Halafu anakuja Denge, anayempinga Muingereza. Hapo ndipo pa kujadili: Denge anautaka uhuru wa nchi kuliko kitu chochote, na Yasmin aliyeacha ukoo wake wote anajikuta yuko nyuma ya siasa.

Tahadhari moja tu. Mna mapenzi na ulevi ndani yake, kwa hiyo kisome mwenyewe kwanza, wadogo uwachagulie sehemu.

BintiWete:
Nashukuruni nyote, Mungu akulipeni kheri. Mtu wa Mkoani, nimekuelewa. Nitamwendea ami nyumbani kwake, peke yangu, baada ya sala ya Ijumaa. Sitampelekea ukurasa wa rehani. Nitamsomea sehemu ya Mzee Hamdani, kisha nisikilize anasemaje. Akikataa bado, tutasoma na wakubwa tu, kwa idhini yake. Binamu nimemrushia swali la NgamboYetu, hajajibu mpaka sasa.

Vuta N'kuvute nitaanza mwenyewe. Kuna mwenye nakala ya kuniazima hapa Wete?

Mwalimu Mstaafu, Chake:
Ninayo, ila jalada limechanika. Nitaileta Jumatatu nikija Wete.