Mabanda ya uani: yazuiwe au yawekewe masharti?

Wakuu, kwenye mkutano wa mtaa wetu huku Temeke, jirani mmoja ametaka mabanda ya uani, yaani vile vyumba vya nyuma ya nyumba, yapigwe marufuku. Anasema yanajaza watu, hewa haipiti, vyoo vinafurika masika. Akapigiwa makofi. Mimi napinga.

Nyumba ya Kiswahili tangu zamani ina ua nyuma: jiko, choo, stoo. Familia ikiongezeka, chumba kinaota huko. Sensa ya 2012 iliikuta Dar na watu milioni 4.36, ya 2022 milioni 5.38. Hiyo milioni moja haikupokelewa na maghorofa ya Masaki! Mama yangu, tangu baba afariki, anaishi kwa kodi ya vyumba viwili vya uani. Ukivifunga, dawa yake ya presha atanunua na nini?

Fundi wa Mtoni: Mkuu, kodi ya mama hakuna anayeionea kijicho. Shida watu wanajenga mpaka ukutani. Mwaka jana niliitwa kwenye choo kilichojaa. Gari la majitaka limefika, uchochoro umeshageuzwa chumba. Mpira ukapitishwa dirishani kwa mpangaji, juu ya kitanda, mtoto akaamshwa ahamie kwa jirani. Sasa usiku moto ukiwaka pale, watatokea wapi? Na kibali cha ujenzi hawana.

Mleta mada: Fundi, hilo la mpira limeniuma, sikubishii. Basi tudai njia ya nyuma ibaki wazi, na shimo la choo lichimbwe kwa hesabu ya watu watakaolala pale. Akiziba njia, avunje kwa gharama zake. Lakini kibali nacho kiwe chepesi. Mjane wa chumba kimoja anatakiwa michoro na kuzungushwa halmashauri kama anajenga ghorofa, ndiyo maana watu wanapandisha tofali Jumamosi na Jumapili, afisa akiwa kwake. Ukipiga marufuku watajenga vilevile, ila kwa kujificha, na vya kujificha ndivyo vinavyoziba njia.

Mpangaji: Mie ndiye ninayelala huko uani. Nimelipa miezi sita kwa mkupuo, na luku, mita ya umeme wa kulipia kabla, ni moja na nyumba kubwa. Wenye friji na pasi ni wao, mchango tunatoa sawa, na umeme ukiisha usiku sisi ndio tunagongewa. Hamjasema kitu kuhusu sisi. Mkiandika hayo masharti, wekeni na mita ya mpangaji.