Jimmy Wales akihojiwa kwenye TV, makala inayomhusu Wikipedia inavamiwa. Tufanyeje?

Wadau, kila akionyeshwa kwenye TV, watu wanaingia kubadilisha "mwanzilishi mwenza" wa Wikipedia kuwa "mwanzilishi". Nikitengua hariri (badiliko) ya mwisho, uchafu bado upo. Nakosea wapi?

Jibu 1
Unatengua moja wakati zimepangana tatu. Fungua historia ya ukurasa, tafuta toleo safi la mwisho, lilinganishe na la sasa, kisha rudisha hilo zima. Ila angalia katikati: huenda kuna mtu kasahihisha tarehe vizuri, nawe utaifuta pamoja na takataka.

Jibu 2
Wakiendelea, omba ukurasa ufungwe nusu. Kwa Wikipedia ya Kiingereza, akaunti isiyofikisha siku 4 na hariri 10 haitagusa kitu. Usiombe kabla ya uvamizi, watakukatalia.

Jibu 3
Kuhusu hilo neno, mkuu, si kila anayelibadilisha ni mhuni. Wales na Larry Sanger, anayetajwa naye kama mwanzilishi mwenza, wote walikuwepo tovuti ilipoanza, Januari 15, 2001, na Wales hapendi "mwenza". Kauli yake kwenye TV inathibitisha msimamo wake tu. Ukiinukuu, taja kituo, tarehe na dakika. Ugomvi upelekeni ukurasa wa majadiliano.