Mfumo wa kidijitali wa mawasiliano parokiani: tuanzie wapi?

Katibu wa parokia: Tumsifu Yesu Kristo. Halmashauri yetu inataka matangazo, ratiba za Misa na taarifa za michango ziwafikie waamini kwa simu. Je, vitabu vya ubatizo na ndoa navyo viingizwe humo?

Mwanahalmashauri: Milele, amina. Anzeni na ujumbe mfupi wa kawaida, kwa kuwa haudai intaneti wala simu janja, na matangazo ya baada ya Misa yaendelee kusomwa, la sivyo wazee, ambao mara nyingi ndio wahudhuriaji waaminifu zaidi, watajikuta nje.

Mtunza kumbukumbu: Kuhusu vitabu, ndugu Katibu, kanuni ya 535 ya Sheria ya Kanisa ya 1983 inamtaka paroko ahakikishe vinaandikwa kwa usahihi na kutunzwa kwa uangalifu, kwa hiyo nakala ya kidijitali iwe msaada tu, itengwe kabisa na mfumo wa matangazo, na ifunguliwe na wachache walioidhinishwa. Majina ya wachangiaji na viwango vyao (jambo linaloleta manung'uniko upesi) yasitumwe kwenye kundi.

Katekista: Maungamo kwa simu yasiwepo, waamini wapange miadi tu.