Redio ya mji wenu ilipobadilisha mmiliki: tupeane uzoefu

Mluguru wa Ifakara
Wakuu, juzi nimepanda Kosta, dereva kafungua masafa yale yale niliyoyazoea tangu nasoma sekondari. Namba ile ile, ila watangazaji wapo Dar wanabishana Simba na Yanga, na kila baada ya wimbo wanatangaza kubeti. Kumbe iliuzwa. Nakumbuka ilipiga muziki mtupu wiki mbili hivi, hakuna anayeongea, kisha zikaja sauti ngeni.

Muziki haunisumbui. Nachokosa ni ile nusu saa ya asubuhi ya matangazo ya vifo na vitu vilivyopotea. Ng'ombe wa babu alipatikana Kiberege kwa redio ile, aliyemwona akapewa jogoo. Siku hizi msiba wa kijiji cha pili tunausikia watu wameshazika. Kwenu ilikuwaje?

Fundi Mitambo
Mkuu, mnunuzi msimwonee. Nimekaa chumba cha mtambo miaka tisa, mkoa fulani wa kusini. Mtambo unakula umeme usiku na mchana, ukikatika ni jenereta na dizeli. TCRA, mamlaka ya mawasiliano, wanataka ada ya leseni na ya masafa. Leseni yenyewe ni ya wilaya, kampuni kubwa haziwezi kukupa tangazo maana husikiki mbali. Unabaki na duka la vifaa vya ujenzi, na mwenye duka hana hela, ana bidhaa. Kuna mwezi mshahara wangu ulikuwa mabati.

Hapo ndipo anapokuja mtu na fedha zake anautaka ubunge. Akishinda redio anaisahau, akishindwa anaizima. Yetu ilizimwa.

Mama Supu
Mimi nitawaudhi. Redio yetu ilivyouzwa nilishukuru! Salamu saa nzima, mtu mmoja anasalimia watu arobaini, "bila kumsahau" fulani, na mtangazaji anayasoma yote. Waliokuja wameweka taarabu mchana na kipindi cha akina mama, nishapiga simu mara mbili. Ila kuhusu misiba nakubali, hiyo waliikosea.

Mhangaza
Huku Ngara tuna Radio Kwizera, jina lake ni tumaini. Ilianzishwa 1995 na shirika la Wajesuiti la kuhudumia wakimbizi, wakati kambi zimejaa Wanyarwanda na Warundi. Tulikuwa tunaisikiliza kama wageni kwenye mji wetu wenyewe: nani anatafutwa na nduguze, mgao ni lini. Wakimbizi walivyozidi kurudi kwao, redio ikageuka taratibu ikawa yetu, migomba, mahindi, shule. Sijui wangapi wana kisa cha namna hii, redio kuhama kwa watu huku mnara uko palepale.

Makanga Mstaafu
Salamu kutoka Nairobi. Kameme FM ilipoanza 2000 kwa Kikikuyu, jamaa walicheka, eti redio ya kijijini. Leo karibu kila jamii ina yake, na nyingi ziko mikononi mwa kampuni kubwa. Mimi nilikuwa mtu wa QFM, Kiswahili kitupu. Ilifungwa 2016 pamoja na Nation FM, nami sikuwa nimesoma gazeti. Nikafikiri redio ya matatu imekufa, nikaifungua kwa bisibisi. Ndipo ikafa kweli.

Kibaraza
Yetu hapa wilayani haikuuzwa, ila jioni ilikuwa inajiunga na VOA, Sauti ya Amerika. Machi 2025 Marekani ikaisimamisha VOA, hewani kukabaki kimya cha ajabu. Wakajaza Bongo Fleva. Baadaye kuna kijana akapewa ile nafasi, anasoma bei ya mpunga mnadani, daraja lililokatika, kikao cha madiwani. Kigugumizi kidogo anacho. Baba yangu alikuwa hapitwi na habari za Washington, sasa anamnyamazisha kila mtu kijana yule akianza.

Mluguru wa Ifakara
Kibaraza, huyo kijana vifo anasoma?

Kibaraza
Anasoma. Na mbuzi waliopotea.

Mluguru wa Ifakara
Mna bahati. Fundi, yale mabati uliezekea nini?

Fundi Mitambo
Choo. Mvua ikinyesha huko ndani ni kelele tupu, kama redio iliyopoteza masafa.