Turbo kwenye MX-5 ya 2001: giaboksi ya gia 5 itahimili, au nihamie gia 6?

Kona_Kali

Wakuu, shikamooni mlionizidi umri, wengine habari zenu.

Nina Mazda MX-5 NB (kizazi cha pili) ya 2001, injini ni BP ya lita 1.8 yenye uwiano wa mgandamizo wa 10 kwa 1, giaboksi ya manyuali gia 5, difu (gia za ekseli ya nyuma) yenye uwiano wa 4.1. Injini nzima, haili oili, na tumepima mgandamizo wa silinda zote nne, zinalingana. Nataka kufunga turbo. Lengo ni farasi 230 hivi, sitaki zaidi. Gari naendea kazini, na mara mojamoja naipeleka uwanjani kupiga mizunguko.

Kinachoninyima usingizi ni giaboksi. Kila ninayemuuliza ana lake. Mmoja ameniapia kwamba gia 5 itatema meno wiki ya kwanza, mwingine anayo hiyohiyo na turbo mwaka wa tatu sasa, inadunda. Kuna aliyesema nitafute ya gia 6, na kuna aliyesema niachane na manyuali nifunge otomatiki. Nishike la nani?

Mlalo_wa_Chini

Gia 6 mkuu, usijiulize mara mbili. Mazda wenyewe walipotoa MX-5 yenye turbo kutoka kiwandani mwaka 2004 waliifunga gia 6, na ile ilikuwa na farasi 178 tu. Wangekuwa wanaiamini ya gia 5 wangeiacha palepale.

Tatu_Marehemu

Mkuu Kona_Kali, jina langu humu linakueleza kilichonipata. Gari ni ndugu wa hilo lako, injini hiyohiyo, giaboksi hiyohiyo. Nilikuwa natoka kwenye kona ya kupanda kilima, gia ya tatu, mshale uko kwenye 2,500 hivi. Badala ya kushuka gia nikakanyaga hadi chini, nikaiachia turbo ifanye kazi ambayo mguu wangu wa kushoto ulikuwa mvivu kuifanya. Turbo yangu ilikuwa ndogo, inaamka mapema, yaani inaanza kusukuma hewa injini ikiwa bado kwenye mizunguko ya chini, na nilikuwa naisifia kwa hilo. Ikaamka. Nikasikia kama mtu amevunja mua chini ya kiti, halafu injini ikapanda peke yake. Ya pili ipo, ya nne ipo, ya tatu imekwenda. Nimerudi nyumbani naruka kutoka pili kwenda nne kama mtoto anayeruka dimbwi. Nilipofungua boliti ya oili yalitoka meno matatu, na mengine yalikuwa yamejibanza ndani.

Siku hiyo gari lilikuwa halijatoa hata farasi 150. Nimefanya hesabu mara nyingi kwa sababu iliniuma. Giaboksi haijui farasi. Inachojua ni torki, yaani nguvu ya kusokota shafti. Farasi ni torki hiyo ukiizidisha kwa kasi ya injini. Chukua torki kwa Nm (nyutoni-mita), zidisha kwa mizunguko kwa dakika, gawa kwa 9,549, unapata kilowati. Turbo yangu ilikuwa inatoa karibu Nm 300 kwenye mizunguko 3,500. Hiyo ni kilowati 110, farasi 147 hivi. Sasa chukua Nm 250 tu, lakini zishikilie mpaka 6,500: kilowati 170, farasi 228. Gari la pili lina nguvu kubwa kuliko langu, lakini mateso linayoipa giaboksi ni madogo kuliko ya langu. Ndiyo maana wale watu wako wawili wote wanasema kweli. Waulize turbo zao zinaamka wapi.

Injini yako ikiwa haijaguswa inatoa Nm 168 hivi. Ukiiwekea msukumo wa baa 0.5 unaingiza hewa mara moja na nusu, kwa hesabu ya kwenye karatasi, na hapo ndipo Nm 250 zinapotoka. Kwenye karatasi, nasema, kwa sababu hewa ikikandamizwa inapata moto. Ukiivuta ikiwa nyuzi 27 inatoka kwenye kompresa, upande wa turbo unaokandamiza hewa, ikiwa karibu 80, kwa turbo yenye ufanisi wa asilimia 70. Kwa mgandamizo wako wa 10 kwa 1 hewa ya namna hiyo itafanya injini igonge, plagi haijawaka mafuta yameshajilipua yenyewe. Kwa hiyo intakula, kile kipoozeo cha hewa inayotoka kwenye turbo, siyo pambo. Na kompyuta ya injini iwe ile unayoweza kuipanga, pamoja na sensa pana ya oksijeni kwenye eksozi. Nimewaona wanaonunua turbo nzuri halafu wanadanganya sensa za kiwandani kwa vikasha vya mtaani. Sitaki kuwasema, nitanuna siku nzima.

Kwa nini ilikufa ya tatu? Meno ya gia hizi yamekatwa kwa mshazari. Yakibebeshwa mzigo yanasukumana kwenda mbele na nyuma, na pia yanazisukuma shafti mbili ziachane. Shafti ikipinda kidogo tu, meno hayagusani uso mzima tena, mzigo wote unakaa kwenye ncha. Ya kwanza na ya pili matairi huteleza, mzigo unapata pa kukimbilia. Ya tatu matairi yameshika na unakaa humo muda mrefu. Ya nne kwenye giaboksi yako ni 1 kwa 1, nguvu inapita moja kwa moja bila kupitia shafti ya chini, ndiyo maana nilirudi nayo nyumbani.

Sasa gia 6. Ni imara zaidi, hilo sibishani na Mlalo_wa_Chini. Ilitengenezwa na Aisin, na ndugu zake wako kwenye Nissan Silvia S15 na Toyota Altezza. Lakini watu huinunua wakidhani ya sita ni gia ya safari ndefu, ya kupumzisha injini. Angalia uwiano, ukiwa mdogo ndipo injini inapumzika: ya tano kwako ni 0.814, ya sita kule ni 0.843! Ukiweka na difu ya 3.909 inayokuja nayo mara nyingi, injini inazunguka karibu sawasawa na sasa. Kwa matairi ya 195/50 R15, mizunguko 3,000 inakupa kilomita 98 kwa saa kwa gia 5 na 99 kwa gia 6. Umebadilisha giaboksi nzima ukapata kilomita moja.

Mabadiliko yako upande wa chini. Ya kwanza ni 3.760 badala ya 3.136. Kwa injini isiyo na turbo ni raha, kwa yenye turbo ni gia ya kuchoma matairi. Ya pili inaishia kilomita 86 kwa mizunguko 7,000, wakati gia 5 yako inafika 98. Yaani turbo ndiyo kwanza imeamka na wewe mkono uko kwenye mpini tena. Mimi nilipoweka gia 6 nilitafuta difu ya 3.636 na gari likarudi kuwa na akili. Kama hutabadilisha difu, usiniambie baadaye kwamba sikukwambia.

BiSpana

Tatu_Marehemu kasema, naongeza klachi kwa sababu hakuna aliyeigusa. Mkishaweka nguvu mnakimbilia klachi ya vipande vya seramiki, ile inayoshika kama kofi. Inapokamata, mshtuko wote unakwenda kwenye meno. Kwa Nm 250 tafuta sahani ya kitambaa cha kawaida yenye presha pleti (kipande kinachoibana sahani) ngumu kuliko ya kiwandani, iwe na nafasi kidogo juu ya torki yako, basi. Klachi ni fyuzi. Heri iteleze, unashusha giaboksi mara moja unabadilisha sahani, kuliko uishushe ukute ndani kuna kokoto.

Na konirodi, zile fimbo zinazounganisha pistoni na kranki. Torki nyingi kwenye mizunguko ya chini ndiyo inayozipinda, kwa hiyo ushauri unaolinda giaboksi ndio huohuo unaolinda injini.

Otomatiki sikatai kwa jumla. Torki konveta, inayokaa mahali pa klachi, huiweka turbo macho wakati wa kubadili gia, kwa kuwa huachii pedali ya mafuta. Ila iliyotoka na gari hili ni ya gia 4, gia zake zina mapengo makubwa, na konveta inazalisha joto la kutosha kuhitaji rejeta yake ya oili. Kwa mtu wa kona sioni faida.

Kona_Kali

Dada BiSpana, mkuu Tatu_Marehemu, asanteni sana. Nimesoma mara mbili. Swali moja: kwa hiyo nikichagua turbo kubwa kidogo inayochelewa kuamka, na kompyuta iwekewe kikomo cha torki chini, naweza kuanza na gia 5 hiihii?

Tatu_Marehemu

Unaweza, na ndivyo ningefanya ningerudishiwa ile yangu. Mwambie anayepanga kompyuta asikupe zaidi ya baa 0.3 chini ya mizunguko 4,000, halafu aipandishe polepole mpaka 0.5 ikifika 5,000. Mwombe akupe mchoro wa torki, usikubali namba ya farasi peke yake. Ukiona kilima katikati ya mchoro, mrudishie akakisawazishe. Giaboksi iwekee oili mpya ya 75W-90 ya daraja la GL-4, uimwage baada ya kilomita 1,000 uiangalie. Vumbi laini kwenye sumaku ni kawaida. Ukikuta kipande unachoweza kukishika kwa kucha, anza kutafuta gia 6 na difu yake kabla ya uwanja unaofuata.

Na ukitoka kwenye kona, shuka gia.

BiSpana

Mguu wa kushoto huo, Tatu. Umetugharimu sote kusoma hadithi ndefu.

Tatu_Marehemu

Meno bado ninayo kwenye kikopo juu ya meza. Nikikaa kitako kuchagua turbo ya mtu yeyote nayamwaga mbele yake kwanza.